Mbegu ya Mtindi ya Mama Kadzo

Harufu ya stroberi ya kutengenezwa, ile ya dukani, hunipandisha hasira mpaka leo. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Utange siku moja, ndani ya kikombe cha plastiki, ikavuruga mambo. Nawahadithia ninyi kwa sababu wao hawana subira ya kusikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa amefariki, na mimi na mama tulibaki katika nyumba ya kina baba na mbuzi wetu wanne. Mama aligandisha maziwa yao yakawa mtindi. Maziwa ya mbuzi ni mepesi na hayagandi kwa urahisi, kwa hiyo mbegu ndiyo kila kitu, yaani vile vijiko viwili vya mtindi wa jana vinavyotiwa katika maziwa vuguvugu. Mama aliitafuta mbegu kama watu wanavyotafuta mchumba. Moja ilikuwa kali, ikatukunja nyuso. Nyingine ilivutika kama ute wa bamia, nami niliyekuwa mwonjaji mkuu nikaitema mlangoni. Ya tatu tulipewa na jirani yetu Mgiriama, Mama Kadzo. Ikaganda ikatulia, kijiko kikasimama, na utamu wake ukabaki kooni. Mama akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali, na jambo likaisha. Kila jioni akawa anafukiza chungu kwa ubani na kuweka akiba ya mbegu ya kesho.

Ndipo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yashafika jikoni. Akala bakuli zima la mtindi, akaramba kijiko, kisha akauliza mbegu imetoka wapi. Mama akamwambia ukweli.

"Kitu cha watu wasiotawadha ndicho mwanilisha mimi?" akasema.

Akainuka, akachukua chungu cha mbegu, akakimwaga uani, akakisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka harufu ya ubani ikatoka. Halafu akatoa kwenye mkoba kile kikombe cha stroberi, akaamuru mama agandishie hicho, kitu safi cha dukani. Mama akasema, "Haya, wifi." Asubuhi tulikuta maji ya rangi ya waridi yenye mabonge, yananuka pipi. Mbuzi wenyewe wangeona aibu. Shangazi akasema mama ndiye asiyejua kugandisha, akarudi zake mjini.

Mama hakwenda kuomba mbegu nyingine. Desturi ni kwamba mbegu ikifa unarudi kwa aliyekupa, na unamweleza imekufaje. Angemwelezaje Mama Kadzo? Wiki mbili nzima tulikunywa maziwa matupu, na mama akawa anapita njia ya nyuma asikutane na rafiki yake. Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua kikombe, nikaenda mwenyewe, nikasema paka wetu alimwaga.

Mama Kadzo alikipokea kikombe. "Paka huyo ana mikono?" akauliza. Kisha akasema, "Shangazio si alikuja hapa juzi na kichupa chake. Kasema ataka mbegu, mjini haipatikani kama hii. Nikampa. Kwetu mbegu hatumnyimi mtu."

Nilirudi mbio na kikombe changu kimejaa mbegu, nikamwambia mama yote. Nilidhani mama atavaa buibui saa ile ile aende mjini kumsuta. Alikaa kitako, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisimwambie mtu, hata shangazi mwenyewe.

Mfungo sita ulipofika tukaenda maulidini kwa shangazi. Mtindi ulipitishwa kwa wanawake, mzito, mtamu, nami niliujua tangu kijiko cha kwanza. Wageni wakasifu. Shangazi akajibu kwamba ni mbegu yake ya dukani, Wagiriama hawaiwezi, maana kwao vyombo uchafu mtupu. Nikafungua mdomo. Mama akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka, akasema, "Umetoka vizuri, wifi." Akaomba aongezwe.

Sikumsamehe mama. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilimwita mwoga, mbele ya Mama Kadzo, kwa sauti. Mama aliendelea kukoroga maziwa.

Nilipomaliza kidato cha nne, mama alifunga virago siku hiyo hiyo nilipotoka kwenye mtihani wa mwisho. Tukahamia chumba cha kupanga Kisauni, na mbegu tukaibeba. Nikamwuliza mbona leo, baada ya miaka yote ile.

"Nyumba ilikuwa mkononi mwa shangazi yako," akasema. "Ningemuumbua siku ile, tungelala nje, na shule ungeiona kwa macho. Nilikuwa nakungoja umalize."

Shangazi alikufa bila kuomba radhi, na ninakiri kwamba mazishini kwake sikulia. Lakini hasira inayoniumiza si ile niliyokuwa nayo kwake, ni ile niliyomtupia mama. Nakumbuka mama na mwiko wake siku nilipomwita mwoga, na Mama Kadzo akainamisha macho. Mama angeweza kunieleza kwa neno moja. Akaendelea kukoroga. Alikuwa bado ana miaka mitano ya kungoja.