Faili Linalosema Amepona

Daktari alimtahiri mdogo wangu eti kumtibu kifafa, akamwachisha vidonge, akaandika kwenye faili kwamba amepona. Hakupona.

Mdogo wangu alikuwa fundi viatu wa miaka ishirini na sita, mtu wa mdomo. Wateja walikaa kibarazani kwake hata viatu vyao vikiwa vizima. Mimi nilikuwa nafua mashuka ya hospitali hiyohiyo, ndiyo maana daktari aliniita mimi, mikono ikiwa na povu. Akasema ngozi ile inasumbua mishipa ya fahamu, ikiondolewa kifafa kitaisha. Jambo hilo alilisoma ujanani kwenye kitabu kinene.

"Kifafa kinanipiga kichwani, yeye anakitafuta huku chini," mdogo wangu alicheka. "Dada, huyu amepotea njia."

"Nyamaza! Wewe umesomea udaktari?"

Nikaweka dole gumba kwenye karatasi yao ya kukubali upasuaji.

Wiki tatu hakuanguka. Daktari akaita wauguzi waje kumwona, akaandika neno lake: amepona. Wiki ya tano aliangukia jiko la kuchemshia gundi. Mkono wa kulia uliungua ukajikunja, hashiki tena sindano wala nyundo. Vicheko vyake navyo vimekwisha.

Mpaka leo nikienda dirisha la dawa, karani anafungua faili lile.

"Mama, huyu ameandikwa amepona. Vidonge vya nini?"

"Njoo nyumbani umwone akianguka."

"Mimi naangalia faili, mama. Anayefuata!"

Daktari kijana aliyepo sasa aliniambia imani ile iliachwa zamani, na hata wakati ule madaktari wengi hawakuikubali. Nikamwambia basi lifute neno. Akakuna shingo. Alisema hawezi kugusa maandishi ya mkubwa wake, labda mwenyewe aje.

Nikamfuata mwenyewe kwake. Amestaafu, nilimkuta anamwagilia maua.

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama."

"Na akianguka mbele yako, ulifundishwa ufumbe macho?"

Akafunga bomba, akaingia ndani.

Pole yake sina haja nayo. Sikusoma, lakini neno lile nalijua kwa sura, hata likiwa katikati ya mengine mia. Mdogo wangu anamdai daktari yule mstari mmoja wa kalamu wa kulikata neno hilo, auchore yeye mwenyewe. Mkono wake yeye bado mzima.