Binti wa Chuo Kidogo Niliyemfukuza Kangle

Waajiri wenzangu wa hapa Guangzhou, mnaowacheka vijana wa vile vyuo vidogo vya historia, mashairi na falsafa, mnanichefua. Nami najichefua zaidi. Mimi darasa la nne sikumaliza, ila niliwahi kumwajiri binti mmoja wa namna hiyo, kwa sababu tu nilikosa mhasibu.

Tuliagiza mashati ya kwaya kule Kangle, mtaa wa karakana za nguo humu jijini, kwa laoban mmoja, yaani mwenye karakana, mtu wa kutafuna karanga za kuchemsha kutwa, mimi sizipendi. Mashati yakatoka na mikono mifupi. Nikamfokea mbele ya mafundi wake: "Mwizi wewe!" Vijana wangu wawili waliosomea biashara wakadakia, "Kweli mzee, mwizi huyu!"

Binti akachukua shati langu nililoacha kama sampuli, akalilaza juu ya jipya. Yakalingana.

"Mzee wangu, nisamehe," akasema. "Shati lako limesinyaa kwa kufuliwa. Huvaa umekunja mikono, ndiyo maana hukuona. Kosa ni letu."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, mzee. Chuoni tulizoeshwa kujiuliza wenyewe kabla ya kumhukumu mtu."

Nikamfukuza palepale. Laoban akammiminia chai, na wiki ileile akampa kazi.

Wale wawili ninao mpaka leo. Juzi nimeagiza suruali za kiume zisizo na mfuko hata mmoja, nao wakaitikia kwa pamoja, "Safi kabisa, mzee!"