Tseng, mpishi wa karamu, alivyorudiwa na ladha

Lori limeshakata kona ya hekalu la Neimen, kusini mwa Taiwan, masufuria yanagongana nyuma, ndipo Tseng Chin-fa anapofanikiwa kuufunga mlango wa upande wake. Karamu ya arusi inawasubiri kijiji cha pili, na turubai bado halijasimamishwa barabarani.

"Chupa ya maji umeisahau tena," anasema mkewe, Siu-khim, aliyeshika usukani. "Utakauka kama ngisi."

Tseng, miaka hamsini na minane, hana mate ya kutosha tangu achomwe mionzi. Alitafuna popoo tangu ujana ili asisinzie jikoni, kama wenzake wengi. Popoo ikamletea saratani ya kinywa, nayo ikaondoka na kipande cha ulimi wake.

"Nyama ilikuwa karatasi. Wali, mchanga," anasema. "Na huku kwetu salamu ni 'Umeshakula?' Nikawa napita vichochoroni nisiulizwe."

Mwaka mzima Siu-khim ndiye aliyeonja masufuria. Tseng alipika kwa mazoea, mwenyewe akiishi kwa uji. Lakini mpishi mkuu asiyeonja ni mpishi wa kuazima. Alishaanza kulitafutia lori mnunuzi.

Wageni wakishaondoka, mabaki ya vyakula vyote humiminwa sufuria moja, yakachemshwa na kabeji chachu, majirani wakagawiwa kwa mifuko. Ni laini, hayahitaji meno. Siku ya arusi hiyo Tseng anachota bakuli, anakula amesimama, anakunja uso.

"Nani kazidisha kabeji?"

"Kula, mzee, usitusumbue," anafoka Bi-hua, msaidizi wao wa siku nyingi. "Wewe utajuaje?"

Halafu anamgeukia Siu-khim. Siu-khim anaonja.

"Ni chachu kweli. Mimi nilitia."

"Hata mimi nilitia!"

Wanatazamana. Bi-hua anacheka huku akijifuta macho kwa aproni. "Haya bosi, nigombeze tena. Nigombeze mpaka uchoke!"

Tseng anakwangua bakuli lake. Anachota bakuli la pili.

Miezi mitano imepita. Lori halikuuzwa. Tseng anaonja supu mwenyewe, ingawa pilipili bado inamchoma na utamu anausikia kwa mbali. Kilo sita zimerudi. Anataka mwakani apike karamu ya hekalu. Bi-hua naye ameacha popoo, akapimwa kinywa, ni mzima. Maharusi wa siku ile wamehamia mji wa Taichung. Siu-khim hapiki tena uji wa pembeni. Nyumbani kwao kunapikwa chungu kimoja.