Tope la Bahari Horini

Binti yangu anafanya kazi baharini na wataalamu wanaochunguza maji ya karibu na pwani, yasiyo na kina kirefu. Mwaka jana, aliposikia mama yake anaumwa, alikuja kwanza hapa kijijini Masieda, akiwa na boksi la barafu alilotakiwa kulipeleka maabara Arusha.

Asubuhi, alipokuwa akimwogesha mama yake, nililifungua. Ndani mlikuwa na mifuko sita ya tope la kijivu. Nikaonja kidogo: chumvi. Nikamshukuru Mungu. Kwetu, mtoto akitoka mbali huwaletea ng'ombe magadi, chumvi ya kuramba, wala haulizwi. Nikamimina mfuko mmoja horini.

Alipotoka alihesabu.

"Shikamoo baba. Mfuko mmoja uko wapi?"

"Marahaba. Nimelionja, lina chumvi. Ng'ombe wanakushukuru."

Hakucheka. Alikimbia zizini peku, akakuta hori limerambwa likang'aa. Ndani ya mfuko lilibaki tope la kijiko kimoja.

"Kila mfuko ni wa mahali pake. Pale tulipolichota hili, wavuvi wanasema samaki wamehama," alisema. "Wataalamu wanaolisubiri ni watatu: wa mikondo ya maji, wa wadudu wa chini ya bahari na wa sumu. Yupo na wa nne, anayekaa na wavuvi. Aliwaahidi jibu. Kijiko hiki kinamtosha mmoja tu."

"Sema ni mimi."

"Boksi nilikabidhiwa mimi, baba. Wanaweza kuniondoa kazini."

Tulipanda kilimani penye mtandao. Akampigia mkuu wake, akaweka sauti juu.

"Umelipoteza vipi?"

"Limeliwa."

"Na nani?"

"Ng'ombe."

Moyoni niliomba, kisha nikaichukua simu mkononi mwake.

"Mwalimu, ni ng'ombe wangu, na nimewalisha mimi. Yeye hakujua."

"Mzee, horini kuna kilichobaki?"

"Hakuna. Ndani ya mfuko, kijiko kimoja."

Alipumua kwa nguvu. "Binti, kijiko hicho utampa nani?"

"Wa sumu," alijibu. "Wavuvi waliuliza kama ni sumu. Wale wengine tutarudi kwa mashua kuwachotea jingine."

"Mashua hiyo utaiomba wewe, mbele ya wote. Na yaliyotokea yaandikwe."

Tuliporudi nyumbani alinipa kalamu na karatasi ya kubandika kwenye mfuko. Miaka yote ya ukatekista nimeandika majina ya wabatizwa kanisani. Siku hiyo niliandika kosa langu: niliufungua mfuko bila ruhusa nikaumimina horini.

Alisoma, akanirudishia.

"Na kuonja, baba. Liandike na hilo."