Samli ya Maulidi Ndani ya Bunduki Namba Saba

Aibu iliyonipata Ijumaa ile mbele ya duka la Kanji siifichi, maana hata nikiificha wapo wazee wenzangu hapa Bigwa ambao mpaka leo wakiniona napita huinua pua na kuuliza nani anakaanga maandazi. Nicheni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu katika mkasa huu nilikosa jambo moja tu, na silo hilo mnalolidhania.

Ilikuwa enzi za Mdachi, miaka michache baada ya Maji Maji, reli imeshafika Morogoro. Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima mwenye ndevu, na Mwenyezi Mungu alikuwa amenijalia mke mwema, Mama Salima, wanafunzi watiifu, na bunduki tatu za upepo. (Najua. Hata imamu aliniuliza mwalimu anataka nini na bunduki, nikamjibu kwamba wengine wanafuga njiwa.) Hazikuwa bunduki za vita. Unaukunja mtutu, springi inajikaza ndani, unaweka punje ya risasi, ukifyatua springi inasukuma upepo na upepo unasukuma punje, basi. Mbili zilikuwa za kawaida. Ya tatu ilitoka kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao, nami nilimfundisha Kiswahili miezi minane akanipa badala ya ujira, na hiyo ilikuwa ya toleo dogo: kiwandani walitengeneza chache tu wakavunja kalibu iliyozitoa, kila moja ikagongwa namba yake kwenye chuma na kuchorwa kulungu kwenye kitako. Yangu ilikuwa namba saba.

Sasa Kanji, Mhindi mwenye duka la nguo na sabuni, naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Aliagiza yake kwa katalogi, ikaja na garimoshi, toleo lile lile, namba thelathini na moja. Kila Ijumaa baada ya sala tulikaa barazani kwake tukizilinganisha: kulungu wa nani amechorwa vizuri, springi ya nani inalia kidogo. Mwisho tulipiga mche wa sabuni kutoka hatua kumi, kisha tukachomeka chelewa ya ufagio kwenye tundu kupima punje imezama kiasi gani. Kwa wiki tatu mfululizo Kanji alinishinda, mara ya mwisho kwa upana wa ukucha.

"Mwalimu," aliniambia, "namba saba imezeeka. Iuze kwangu, nitaitunza kama mama yangu."

Maneno yale nililala nayo wiki nzima. Asubuhi ya Ijumaa iliyofuata nikataka kuipaka springi mafuta, nikakuta chupa ya mafuta ya cherehani imekauka. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Jikoni kulikuwa na chungu cha samli ya maulidi ya Jumapili, samli waliyochanga akina mama wa Bigwa, kila nyumba kijiko, na Mama Salima ndiye aliyeaminiwa kuitunza. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikayeyusha kijiko kimoja (haya, vitatu), nikamimina kwenye kitundu cha upepo, nikafuta kijiko kwa kanzu, nikaenda kuswali.

Baada ya sala watu walijaa barazani kama kawaida. Kanji akapiga kwanza, chelewa ikaingia nusu kidole. Nikaja mimi, nikasoma bismillahi, nikafyatua.

Ndugu zangu, ile bunduki ililia kama gobori. Moshi mweupe ukatoka mtutuni, mche wa sabuni ukapasuka vipande viwili, watu wakalala chini, nami mwenyewe nikajikuta nyuma ya magunia ya karanga na kofia yangu sijui iko wapi. Kabla sijaamka, ombasha, koplo wa askari wa Mdachi, alikuwa amesimama juu yangu.

"Nani kakupa baruti, mzee?"

Mnakumbuka wakati wenyewe. Mtu mweusi kukutwa na baruti ilikuwa pingu, na kabla ya pingu hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Nikasimama, nikamwambia hii ni bunduki ya upepo. Akacheka. Nikasema, "Wallahi, hamna baruti humu." Na watu wa Morogoro walikijua kiapo changu, mimi ndiye niliyekuwa naitwa mashamba yakigombaniwa, nikiapa neno linaisha.

"Basi piga tena, nione upepo," akasema ombasha.

Nikaweka punje kwa kujiamini kabisa. Ikalia tena kama gobori.

Mzee mmoja wa msikitini aliinamisha uso, na uso ule uliniuma kuliko kiboko ambacho nilikuwa bado sijapigwa. Ndipo harufu kama ya maandazi yanayokaangwa ikanifikia. Nikajua. Na kule upande wa pili wa njia, katikati ya wanawake waliokuja kutazama, nikamwona Mama Salima amesimama na kapu lake.

Nikinyamaza, mimi ni mwongo aliyeapa kwa jina la Mungu. Nikisema, mimi ni mwizi wa maulidi. Namshukuru Mola, sikukawia sana.

"Ni samli," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Nimetia samli. Inaungua ndani."

Ombasha akatia kidole mtutuni, akakinusa, akakiramba. Uso wake ukabadilika.

"Samli nzuri hii. Ya nani?"

Sauti ya mke wangu ikavuka njia. "Ya maulidi. Na vijiko ni vingapi, Baba Salima?"

"Vitatu," nikasema, mji mzima ukinisikiliza.

"Bwana Ombasha," akasema Mama Salima, "hizo hamsa ishirini kama umechoka niachie mimi nimchape."

Watu wakaangua kicheko, na Kanji akacheka mpaka akakalia sabuni yake. Ombasha akaniamuru niendelee kupiga bila kutia kitu isipokuwa punje. Ya tatu ikapunguza sauti, ya nne zaidi, ya tano ikatoa pff, kama mbuzi anayepiga chafya. Akanirudishia bunduki, akaenda zake akiramba kidole.

Jumapili nilipeleka samli mpya, kibuyu kizima, nikawaomba radhi akina mama mmoja mmoja mlangoni kwake, na Mama Salima akifuata nyuma kuhakikisha siruki nyumba. Hilo ndilo kosa langu, kuchukua bila kuomba, na nimeapa sitagusa chungu cha mwenye jiko mpaka naingia kaburini. Lakini kiapo changu kilikuwa kweli neno kwa neno, baruti haikuwamo, na mashamba yalipogombaniwa tena waliniita tena. Bunduki ninazo zote tatu. Kanji mpaka alipofariki alishikilia kwamba pigo la samli halihesabiwi. Vile vipande viwili vya mche wa sabuni ninavyo sandukuni, anayebisha aje na chelewa yake apime.