Mtegemezi wa Bima

Mume wangu alinivunja mkono asubuhi, kisha akafunga tai na kwenda kazini. Hasira zake zilianzia kwenye shati lililopigwa pasi vibaya. Niliufunga mkono kwa kipande cha kitenge, nikapanda pikipiki hadi hospitali moja ya binafsi, nikafungwa plasta. Muuguzi nilimwambia ukweli, kwa sababu alinitazama usoni. “Ihangane,” akasema. Kinyarwanda kinatumia neno hilo kwa pole na kwa vumilia. Sijui alikusudia lipi.

Sikurudi nyumbani. Nilihamia kwa dada yangu, mtaa wa Gatsata, nikalala chumba kimoja na watoto wake. Mume wangu alipompigia simu, dada alimwambia nimerudi Bukoba, tulikokulia. Aliamini, au sisi tulidhani ameamini.

Siku ya kuangaliwa mfupa ilipofika, nilichagua zahanati ya upande wa Kibagabaga, mahali ambapo hatukuwahi kutibiwa. Nikatoa kadi ya bima. Ilikuwa bima ya kazini kwa mume wangu, nami nimeandikwa chini ya jina lake: mtegemezi. Duka la vitenge pale Kimironko, ambalo sasa lilikuwa limefungwa, lilikuwa langu, na kodi ya nyumba yetu ilitoka dukani. Mtegemezi!

Nilikuwa bado kwenye benchi nikisubiri kupigwa picha ya mfupa mume wangu alipoingia, chupa ya juisi mkononi, anatabasamu.

“Sheri, mpenzi wangu, mbona hukuniambia unakuja hospitali?” aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Msichana wa mapokezi akanigeukia. “Madamu, uko na bahati. Wanaume wengine hawafikaki hapa.”

Akaketi kando yangu, akauweka mkono wake juu ya plasta, taratibu. “Kadi ikisomwa, simu yangu inapata ujumbe,” alininong’oneza. “Jina la zahanati na kila kitu. Utajificha wapi?”

Nilipiga kelele. Sikuwa nimepanga. “Huyu ndiye aliyenivunja mkono!” Mlinzi alikuja mbio, lakini alinijia mimi, akaniomba nisisumbue wagonjwa. Aliyesimama katikati yetu ni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakuondoka hadi nilipopata pikipiki. Picha sikupigwa.

Kesho yake nilikwenda na dada kwenye ofisi za kampuni ya bima. Tulipokewa na bwana mpole, mwenye sauti ya mtu wa kanisani.

“Mwenye bima ni yeye, mama. Ujumbe lazima uende kwake.”

“Basi nitoeni kwenye bima yake.”

“Hilo nalo anaomba yeye.”

“Na kama ananitafuta aniue?”

Alikuna shingo. “Mngezungumza kwanza, kama familia.”

Dada akamuuliza kama ana binti. Akainamia kompyuta yake.

Nilimshtaki mume wangu polisi, na baada ya kesi ndefu talaka ikatoka. Muda wote ule sikuthubutu kuitoa ile kadi popote. Mituweli, ile bima ya umma, nayo iliniandika kaya moja na yeye, na viongozi wa mtaa walitaka kwanza tupatanishwe kabla ya kuniandikia yangu. Plasta niliitoa nyumbani, dada akiikata kwa mkasi wa dukani huku analia na kunitukania mume. Mfupa ulikuwa umeunga upande.

Nilipopata mituweli yangu mwenyewe, daktari aliugeuzageuza mkono kwenye mwanga. “Ungekuja mapema tungeunyoosha. Ulichelewa nini?” Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, simlaumu, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Nasikia aliyekuwa mume wangu ameoa tena. Bila shaka huyo mke naye yuko kwenye kadi.

Siku hizi majora ya vitenge nayashusha rafuni kwa mkono mmoja, na wateja wapya hudhani ni maringo.