Siku Ayeeyo Alipoonja Mafuta ya Nywele

Juzi nilikuwa Garissa, nikaingia duka moja la vipodozi kule Iftin, na nusura nipige kigelegele mle ndani. Rafu nzima, chini hadi juu, ilikuwa mafuta ya nazi! Ya kukuza nywele, ya kulainisha, ya watoto, hata ya ndevu. Msichana wa dukani akanichagulia chupa moja. "Abaayo, dada yangu, beba hii, hii ndiyo kusema," akaniambia. "Haina harufu hata kidogo." Nilicheka peke yangu hadi akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Mafuta ya nazi yasiyonukia nazi! Angekuwa hai nyanya yangu, huyo msichana angekiona cha mtema kuni.

Sisi tulimwita ayeeyo, naye akatuita ayeeyo, maana kwa Wasomali bibi na mjukuu huitana jina moja. Alihamia mjini kutoka Sangailu miguu ilipoanza kumsumbua. Ng'ombe wake walibaki na mjomba, na kila gari lililotoka huko lilimletea samli, ile tunayoiita subag. Weee, samli ile! Ilikaa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na ukikizibua tu nyumba nzima inajua. Tuliimwaga asubuhi kwenye anjera, ile mikate yetu laini ya maji, tukaitia kwenye wali, na kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri ayeeyo alinikalisha kwenye mkeka, akanibana kichwa kati ya magoti yake, akanipaka samli hiyohiyo nywele nzima.

Nilipenda Alhamisi kuliko sikukuu. Mikono yake ilikuwa migumu lakini haikuwa na haraka. Alinisuka huku nikimtajia majina ya mababu zangu, mmoja baada ya mwingine, na nikikosea mmoja alivuta msuko hadi nikumbuke. Ninawajua wote mpaka leo, na naamini ni ngozi ya kichwa iliyowahifadhi.

Shida ilikuwa shuleni. Wewe unalijua joto la Garissa. Ikifika saa nne samli imeyeyuka, inanitiririka shingoni, hijabu nyeupe imepata doa la manjano, na nzi wa darasa zima wamenichagua mimi. Wenzangu waliniita Anjera. Siku moja mwanambuzi wa jirani alinifuata hadi getini akitaka kunilamba kisogo, na hapo jina likanikaa kabisa. Mwenzangu wa dawati yeye alipaka mafuta ya nazi aliyoletewa na shangazi yake. Nywele zake ziling'aa, na akipita ananukia kama kaimati. Niliyatamani mafuta yale hadi nikayaota!

Iddi ilipokaribia nikapiga moyo konde. Alhamisi ilipofika nikamwambia, "Ayeeyo, mimi sitaki subag tena kichwani. Nataka mafuta ya nazi."

Akakiziba kibuyu, akakifunga pamoja na kitana ndani ya leso yake. "Ng'ombe wangu wamekulea," akasema. "Ukikataa samli yangu, umekataa mkono wangu. Tafuta mkono mwingine." Akaingia ndani.

Lo! Hilo sikulitarajia. Mimi nilitaka kubadilisha mafuta tu, sikutaka kubadilisha mtu. Mama alijaribu kunisuka, lakini mama alikuwa na sufuria jikoni na mtoto mgongoni, alichana kama anayefukuza kuku. Nywele zikakauka na kukatika. Alhamisi iliyofuata nilikaa mkekani peke yangu, nikimsikia ayeeyo akikohoa ndani, na nikalia. Sikulilia nywele. Niliogopa kwamba sitakaa tena kati ya magoti yale.

Sijui nani alimwambia, au kama alinisikia. Asubuhi moja ya Jumamosi alitoka amevaa shuka yake ya kutokea, akasema, "Vaa viatu. Twende tukaone hayo mafuta yenye maringo." Kwa furaha nilivaa kila kiatu mguu usio wake!

Sokoni kulikuwa na mama mmoja aliyepanda na mzigo wake kutoka upande wa Garsen: nazi, maembe makavu, na chupa za mafuta. Ulikuwa msimu wa baridi yetu, ile baridi ambayo watu wa Limuru wangeicheka. Ayeeyo hakuuliza bei. Akafungua chupa ya kwanza, yenye maua na harufu ya manukato, akamimina tone kiganjani, akalilamba.

"Bibi we!" yule mama akaruka. "Hayo ni ya kujipaka!"

"Mimi naonja kwansa," ayeeyo akasema kwa Kiswahili chake, ambacho kila p iligeuka b. "Kitu mdomo nakataa, kichwa ya mtoto nakataa bia." Akatema pembeni. "Hii sabuni." Akaonja ya pili. "Hii ya chabati."

Watu wakaanza kusogea. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo sikutaka kukosa hata neno moja. Chupa ya tatu ilikuwa chupa kuukuu ya juisi, mafuta yake yameganda kidogo chini, meupe. Ayeeyo akaitazama kwenye jua, akaitikisa, akaonja. Akaonja tena, amefumba macho.

"Hii mnyama yake nakula nini?" akauliza.

Yule mama alicheka hadi akashika mbavu. "Bibi, mnyama wake ni mnazi! Nazi twaikuna, twaikamua, lile tui twalichemsha hata mafuta yapande juu."

"Nakamuliwa?"

"Twalikamua, ndiyo. Meupe kama maziwa."

Ayeeyo akanigeukia, uso wote umefunguka. "Mbona hukuniambia?" akasema kwa Kisomali. "Ni maziwa! Ni samli ya mti!" Akanunua chupa ile na nyingine kama hiyo, akambariki yule mama na mazao yake kama vile anabariki zizi.

Nyumbani akafukiza kibuyu kipya, akayatia mafuta humo, na Iddi hiyo nilitoka nikinukia nazi na moshi. Wasichana wote walitaka kujua nimepaka nini! Mwenzangu wa dawati mwenyewe alikuja kukalia mkeka wetu, akasukwa, akafundishwa kutaja mababu zake. Jina la Anjera likafa kifo chake.

Leo hakuna kibuyu, mjomba alishauza ng'ombe, na Iftin nzima sijaona mtu anayelamba mafuta kabla ya kuyanunua. Ile chupa ya dukani niliichukua, ni nzuri, sina neno. Alhamisi nilijipaka mwenyewe mbele ya kioo, nywele zikang'aa vizuri sana. Nikamaliza upesi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia, "Tulia, ayeeyo, bado sijakumaliza."